Mtani wangu kachukua ajira kwa test za kijani zisizopima kitu

Wakuu, salaam. Hiki kilinikuta mimi mwenyewe hapa Moro, sijatia chumvi.

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kwenye mazao, kila mmoja anataka mfumo wake. Ofisi yetu ndogo ikapata kazi ya mnunuzi wa karafuu kule Mkuyuni: mkulima analeta mzigo, mfumo unataja daraja.

Tulikuwa wawili kwenye majaribio ya kazi, mimi na Maganga. Nafasi ya kudumu ilikuwa moja tu.

Yeye Mnyamwezi, mimi Mluguru. Watani hao, kutwa kuchambana.

Yeye alipewa sehemu ya madaraja, mimi usajili wa wakulima. Basi jamaa test zake, zile za kukagua code, zote kijani, yaani zimefaulu; zangu nyekundu tupu. Bosi wetu, dada Rehema, kila akipita: "Maganga, hongera!"

Roho iliniuma wakuu.

Nikafungua code yake. Loh! Kila mahali toBeTruthy.

Kwa wasio wa fani: hiyo ni matcher, yaani amri ndani ya test inayolinganisha jibu la mfumo na jibu unalotarajia. toBe inadai jibu lile lile. toBeTruthy inaridhika mradi kuna jibu, hata liwe pumba.

Kwenye kikao nikalipua: "Test za huyu Mnyamwezi zinakubali chochote, kama yeye mbele ya ugali!"

Ofisi nzima kicheko. Dada Rehema akasema, "Watani mmeanza," akaendelea na mengine.

Tukaenda Mkuyuni kuonyesha mfumo. Mama mmoja akaleta karafuu safi kabisa, mfumo ukasema daraja la kwanza. Jirani yake akaleta zimejaa makonyo, vile vijiti vyake. Mfumo nao: daraja la kwanza!

Mama akaja juu: "Wanangu, siyo wivu, lakini hizi na zangu wapi na wapi?"

Nilitamani kumkumbatia. Mnunuzi akatuambia turudi tukiwa tayari.

Maganga akaweka toBe, nyekundu zikajaa, akarekebisha code. Dada Rehema akamsifu kwa kuokoa kazi, na ajira akampa yeye. Mimi nikaongezewa muda wa majaribio.

Tukiwa tunakunywa supu Msamvu, akaniuliza: "Mtani, kumbe siku ile kikaoni ulikuwa serious?"



Wivu bado ninao, sifichi. Ila kijani usiiamini mpaka ujue kinalinganishwa nini na nini. Na jambo la kazi usilisemee kwenye utani, hata kama una hakika nalo.

Nyie mngemwambiaje bosi aliyeshazoea kuwacheka? Karibuni, hata watani.