Zohali Nyuma ya Moyo Mtakatifu

"Hivi wewe Bertila, hicho kifuniko cha sufuria umekitundika ukutani ili iweje?"

Aliyeuliza hivyo ni Dorosela, jirani yake wa kijijini Yakobi, asubuhi moja ya baridi kali alipokuja kuomba moto. Ulikuwa mwaka ule madishi ya televisheni yalipoanza kuota juu ya mapaa ya matajiri wa Njombe mjini. Dorosela alisimama mlangoni na kaa lake kwenye kigae, akaikodolea macho ile picha kama mtu aliyeona kuku ndani ya kanisa.

"Siyo kifuniko," Bertila akasema. "Ni nyota. Ina pete."

"Nyota ina pete! Imeolewa na nani?"

Akacheka mpaka kaa likamponyoka, likazimika kwenye majani yenye sakitu, ule umande ulioganda. Akarudi kuomba lingine, akacheka tena. Saa sita haijafika, Yakobi nzima ilikuwa imekwisha kuambiwa kwamba mjane Bertila anaabudu mfuniko. Dorosela mwenyewe, ujuzi wa kueleza nyota ni nini hakuwa nao hata wa dawa. Lakini kucheka hakuhitaji elimu, na kwa kazi hiyo alikuwa amefuzu.

Bertila alikuwa mwanamke mwembamba, mlima viazi, aliyeishia darasa la nne. Kwa miaka kumi na tisa alifua vitambaa vya altare pale misheni, katika maji ambayo mwezi wa saba huuma vidole kama meno. Watu walimwona kama wanavyouona ufagio: upo, unafanya kazi, nani atauliza unawaza nini?

Ni Bruda mmoja tu aliyewahi kumuuliza, mzungu mzee fundi seremala, mwenye mguu mbovu. Siku moja alimwonyesha gazeti la kwao lenye picha kubwa. Katikati palikuwa na tufe la rangi ya asali, limezungukwa na pete nyembamba nyingi, mstari kwa mstari kama sahani ya santuri. Kando yake miezi, siyo mmoja kama wetu, mingi. Mmoja ulikuwa na shimo kubwa kama kiazi kilichochimbuliwa jicho. Mwingine mweupe pepepe, kama shamba la Njombe lililopigwa na sakitu.

"Nani alikwenda huko kupiga?" Bertila akauliza.

"Hakuna mtu. Ni chombo. Kilipita, kikapiga picha, kikatuma, kikaendelea na safari."

"Kitarudi lini?"

"Hakirudi, mama."

Bertila akarudi kwenye beseni lake. Siku mbili alifua bila kuimba. Alikuwa anakiwazia kile chombo, peke yake gizani, kinafanya kazi kiliyotumwa na watu ambao hakitawaona tena.

Bruda alipozidi kuzeeka akarudishwa kwao, na vitu vyake vikagawiwa uani. Hapo ndipo ungewaona wacha Mungu wetu! Waliopokea komunyo asubuhi, mchana walikuwa wanavutana mashati. Judith, mwenyekiti wa jumuiya, mwenye duka la redio na betri mjini, aliondoka na mapazia na cherehani, na bado akarudi kuuliza kama hakuna mto. Bertila alitoka shamba akakuta yamebaki magazeti, yanachanwa ya kufungia karanga. Akachukua ukurasa ule mmoja.

"Chukua, chukua," Judith akamwambia, amekumbatia mapazia yake. "Karatasi na wewe mnafanana."

Msimu wa viazi Bertila alipanda lori la mizigo hadi Makambako. Pale mtaa wa Lyamkena alikuwapo Abasi, mtu wa Kondoa, mtengeneza fremu. Bertila alimpelekea picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kioo chake kilikuwa kimepasuka, na ule ukurasa. Ila uwezo wake ulikuwa wa fremu moja.

Abasi akaukunjua ukurasa, akatabasamu. "Mama, hii ni Zohali. Chuo cha Kurani maalimu wetu alitutajia jina, lakini hakutuambia ni mrembo hivi."

"Zohali," Bertila akarudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga.

"Sasa sikiliza. Nyuma ya picha huwa naweka boksi la sabuni. Wewe nitakuwekea Zohali, halafu kioo huku na huku. Siku ya kusali unageuza huku. Siku ya kushangaa unageuza huku."

Akaichonga vizuri, fremu ya mninga. Padre alipopita kubariki nyumba, Bertila alimwonyesha pande zote mbili, hakuficha. Padre akanyunyiza maji ya baraka mbele na nyuma, akasema, "Vyote kaviumba yeye," akaomba chai. Baadaye padre huyo alihamishwa, akapelekwa Manda, kule ziwani.

Jumuiya husali rozari kila Jumatano, nyumba kwa nyumba, basi ikafika zamu ya Bertila. Saa kumi jioni alitandika kitambaa cheupe juu ya meza, akasimamisha fremu katikati, Moyo Mtakatifu ukitazama mlango, mishumaa miwili ubavuni. Nyumba ni ndogo. Walipojaa, nafasi ilibaki mlangoni na nyuma ya meza tu.

Na nani anachelewa kila wiki kama siyo mwenyekiti? Judith aliingia fumbo la tatu la rozari likiwa limeanza, viatu vya kisigino kirefu, kitenge kipya kinapiga kelele kama karatasi. Angeweza kupiga magoti mlangoni kama mwanadamu. Hapana, lazima aonekane. Akapenya, akapiga magoti nyuma ya meza, karibu na mshumaa, uso ukielekea watu. Macho yake yalikuwa hayaoni vizuri karibu, miaka mitatu sasa, lakini miwani aliona itamzeesha. Akakaza macho kwenye fremu iliyokuwa mbele yake, akaona kitu cha mviringo, cha njano, chenye mng'ao pembeni. Akaridhika.

Rozari nzima Judith alisali akiielekea Zohali. Alisali kwa sauti ya juu kuliko wote, akifumba macho pale penye huzuni. Mwisho kila mtu hubusu picha kabla ya kuondoka, na mwenyekiti hutangulia. Judith akainama, akasema kwa utamu, "Ee Moyo Mtakatifu wa Yesu, nakutumainia," akabusu kioo, akaacha alama ya mdomo wake mwekundu palepale kwenye zile pete.

"Mwenyekiti!" Dorosela akapayuka. "Umebusu kifuniko!"

Kicheko kilichotoka humo ndani, kuku wa nje waliruka. Judith akaigeuza fremu huku na huku, akaisogeza mbali, akakaza macho tena. Uso ukamvimba.

"Bertila! Umeniwekea sanamu nibusu?"

"Sikukuwekea, dada Judith. Mimi niliiweka iwaelekee watu. Wewe ndiye uliyepita nyuma. Na padre aliibariki."

"Padre gani?"

"Yule aliyehamishiwa Manda."

"Aliyehamishiwa Manda!" Judith akawageukia watu. "Mnasikia? Shahidi yuko ziwani na samaki! Naichukua. Utaipata siku utakayopiga magoti mbele ya jumuiya uombe radhi."

Na wale waliocheka mpaka machozi, wote wakaanza kuutafuta mlango. Mmoja akakumbuka ng'ombe wake, mwingine sufuria aliyoiacha jikoni. Dorosela, mchekaji mkuu, alikuwa wa kwanza kusema, "Mwenyekiti ana haki." Mchana ule ule alikuwa amekopa betri za redio kwake. Kumwandikia padre barua Manda ni stempu moja tu. Judith hakuandika, kwa sababu jibu alilijua.

Jumatano tatu zikapita. Kwa Bertila ulibaki msumari. Asubuhi alipiga ishara ya msalaba mbele ya msumari, na jioni alipochoka aliutazama ukuta, akijaribu kukumbuka ule mwezi wenye shimo ulikuwa upande gani.

Wiki ya nne alikwenda mjini kununua sabuni, akaingia dukani kwa Judith. Fremu yake hiyo, ukutani, kati ya redio na dishi jipya la kuuza. Zohali inatazama wateja. Judith hakumwona. Alikuwa anamweleza mwalimu mmoja aliyevaa tai:

"Hii ndiyo satelaiti yenyewe, mwalimu. Iko juu huko. Hilo dishi lake limeizunguka lote, ndiyo maana inashika mpaka Ulaya. Hivyo vidogo vya pembeni ni stesheni."

"Aaa," mwalimu akasema, akitikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu zamani. "Teknolojia."

Bertila aliwatazama wote wawili. Mtu asiyemjua angedhani anaona haya. Ukweli ni kwamba alikuwa anawahurumia, ila ile huruma mtu anayompa mlevi aliyelala mtaroni: unapita pembeni, unashika pindo la nguo yako lisiguse. Kisha akakumbuka kwamba Moyo Mtakatifu, nyuma ya Zohali, umebandikwa uso kwenye chokaa. Hapo ndipo moyo wake ulipochemka. Akatoka bila sabuni.

Jumatano iliyofuata zamu ilikuwa ya Judith. Sebule kubwa, mapazia ya Bruda dirishani, na fremu imeletwa kutoka dukani na kusimamishwa mezani, upande wa Moyo Mtakatifu mbele, kwa kuwa mwenyekiti hakuwa na picha nyingine ya kusalia. Hilo halikumtia haya hata kidogo.

Rozari ikaisha, ukafika wakati wa nia, kila mtu anasema ombi lake kwa sauti na wengine wanaitikia, "Ee Bwana, utusikie," hata kama ombi hawalipendi. Judith aliombea wafanyabiashara waaminifu, kirefu, akiwataja kwa bidhaa zao. Watu wakaitikia. Dorosela aliombea wenye kiburi wajue kuomba radhi, akimtazama Bertila kwa pembe ya jicho. Watu wakaitikia kwa nguvu zaidi.

Bertila akainuka. Wengine walipiga magoti wima, wakijiandaa kwa utamu wa kuiona radhi ikiombwa. Hakumtazama Judith wala Dorosela. Aliitazama picha, akasema kwa sauti ileile aliyokuwa akisemea ombi la mvua:

"Ee Bwana, naomba fremu yangu irudi nyumbani leo, nitaibeba mwenyewe. Radhi siombi, maana sikukosa. Upande wako ni wa jumuiya yote, waje kwangu waubusu kama kawaida. Upande wa Zohali naomba waniachie mimi."