Mama Aliyeuliza Mtoto Yuko na Nani

Ofisi yangu iko ghorofa ya juu kando ya River Road, jijini Nairobi, na chini yake kuna duka linalochapisha kadi za harusi na ratiba za mazishi. Mashine hunguruma kutwa nzima. Wanaokuja kuniona hulazimika kuinua sauti kidogo, na nimeona mara nyingi mtu akishtuka kusikia siri yake ikitoka kwa nguvu zaidi kuliko alivyotaka.

Mimi ni mwanasaikolojia. Wengi huja kwangu kwa hiari yao: wajane, askari, wanafunzi walioshindwa kula. Wengine siwaiti wala hawaniiti. Mahakama ndiyo hunituma kwao. Jaji hutaka kujua mambo mawili. Je, mshtakiwa anaelewa anachoshtakiwa? Na siku ya tukio, akili yake ilikuwa sawa?

Mwanamke ninayemkumbuka zaidi alikuwa kijana bado. Alitoka magharibi mwa nchi, akaolewa hapa mjini, na kabla ya kujifungua alikuwa akifulia watu nguo kwenye maploti ya nyumba za kupanga karibu na Dagoretti Corner. Mumewe ni fundi anayetengeneza vitanda na makabati kando ya barabara ya Ngong. Mtoto wao wa kwanza, msichana, alikufa maji ndani ya beseni akiwa bado hajakaza shingo. Mama yake ndiye aliyemwita jirani. Alimwambia, "Njoo uone, ametulia sasa."

Nilimkuta katika chumba kidogo cha gereza la wanawake, askari jela amesimama mlangoni. Maziwa yalikuwa yamelowesha kifua cha sare yake ya mahabusu, na yeye hakuonekana kujua. Nilijitambulisha, nikamweleza kwamba nitakayoyasikia nitamwambia jaji. Aliitikia kwa kichwa, akaniuliza, "Daktari, mtoto yuko na nani?"

Nilimwomba anieleze anachokumbuka. Alisimulia kwa upole, kama mtu anayeelekeza njia. Tangu ajifungue usingizi ulikuwa umemkimbia. Redio ya jirani ilianza kumtaja kwa jina. Ilimwambia mtoto ana moto ndani ya mwili.

"Alikuwa anaungua, daktari. Nilikuwa namzima tu."

Nilimwandikia jaji kwamba hawezi kujibu mashtaka katika hali ile. Kesi ikasimamishwa, akaanzishiwa dawa, nami nikaagizwa niendelee kumwona.

Siku moja mumewe alipanda ngazi za ofisi yangu. Nguo zake zilinuka vanishi. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Madam," alisema, "mimi sijui nalia juu ya nani. Nikilia juu ya mtoto, naona ni kama namhukumu mamake."

Aliniambia alimwona mkewe akikesha, akadhani ni uchovu wa uzazi. Watu wa kanisa walikuja wakamwombea, na siku hiyo hata alitabasamu. Nilimweleza kwamba kuna ugonjwa unaoweza kumshika mwanamke baada ya kujifungua, ukavuruga akili yake kabisa. Haukuwa ukatili, na haukuwa ukosefu wa mapenzi. Alisikiliza akitazama viganja vyake.

"Hizo dawa zikifanya kazi, atajua alichofanya?"

"Atajua."

"Sasa si afadhali asipone?"

Nilimwambia tu kwamba mkewe alikuwa akimtafuta mtoto kila siku, na kwamba huko kutafuta nako kulikuwa mateso.

Wiki zikapita. Usingizi ulimrudia mwanamke yule, kisha redio ikanyamaza. Kila nilipokwenda aliuliza kuhusu mtoto, lakini sauti yake ilizidi kupungua, kama mtu anayegonga mlango huku akiombea usifunguliwe. Asubuhi moja hakuuliza. Alikuwa amekaa, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Ni mimi, sivyo?"

"Ulikuwa mgonjwa sana," nilisema.

"Sijauliza hivyo, daktari."

"Ndiyo. Ni wewe."

Sitajaribu kueleza kilio kile. Askari jela, mwanamke mnene ambaye siku zote alikuwa akinisalimia kwa ukali, aliacha mlango wake, akaketi sakafuni na kumpakata kama mtoto. Nilipotoka niliomba asiachwe peke yake, wakaniahidi. Kisha nikakaa ndani ya gari, funguo mkononi, mpaka jua likaanza kunichoma.

Jioni, nilipofika nyumbani karibu na Adams Arcade, mama yangu, ninayeishi naye, aliniuliza kazi ilikuwaje.

"Kuna mgonjwa wangu amepona," nikamwambia.

"Mungu asifiwe," alisema, akanipakulia githeri ya mahindi na maharagwe.

Kesi iliposikilizwa, kiongozi wa mashtaka aliniuliza kama nilitaka mahakama iamini kwamba mama anaweza kumzamisha mwanawe kwa mapenzi. Nilijibu kwamba niliomba iamini alikuwa mgonjwa, na kwamba kila mtu aliyemzunguka aliuona ugonjwa huo bila kuujua jina. Jaji alikubali. Akaamuru aendelee kutibiwa hospitalini badala ya kufungwa. Mwanamke yule alisikiliza mpaka mwisho, halafu akamwinamia wakili wake na kumuuliza adhabu itasomwa lini. Alipoambiwa hakuna adhabu, uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyenyimwa kitu.

Aliporuhusiwa kutoka hospitalini alirudi kwa wazazi wake. Mtoto alikuwa amezikwa kwa kina mumewe, na mama mkwe alikuwa amesema asikanyage boma lile. Mumewe ndiye aliyenisimulia, nilipompitia kwenye karakana yake, kwamba alimpeleka mkewe kaburini hata hivyo, alfajiri, kabla watu hawajaamka. Mkewe hakulia pale. Alipiga magoti akang'oa magugu kwa mikono, moja moja, mpaka udongo ukabaki mtupu.

"Mtarudiana?" niliuliza.

Alipuliza vumbi la mbao kwenye randa yake. "Hatujaongea mambo ya hiyo. Saa hii tunaongea tu mambo ya mtoto."

Anapokuja Nairobi kliniki, mwanamke yule hupitia ofisini kwangu. Mwezi uliopita nilimuuliza anaendeleaje. Aliniambia kwamba siku hizi analala vizuri, kisha akainamisha kichwa na kuniomba radhi kwa kusema hivyo.