Miaka Yangu Iliyohesabiwa kwa Jina la Mwingine

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, jua la Tabora limekwisha kuanza kuuma, nami nimesimama mlangoni pa karakana ya baba yangu mdogo pale Gongoni, nimevaa gauni langu la kwendea kanisani. Mafundi walinicheka. Nani huvaa gauni la kanisani kwenye vumbi la mbao? Lakini nilijua watahini wa ufundi wanakuja, nami nilitaka wanikute nikiwa mtu.

Kaa vizuri nikueleze polepole. Jambo hili bado lina moto ndani yangu, na mwenye moto akiharakisha huunguza asiyehusika.

Mimi ni Kalunde. Nilizaliwa Usinge, ukingoni mwa msitu, baba yangu akiwa mpasua mbao. Mninga alioukata kwa mkono wake mwenyewe ulimwangukia ukamuua, nami sijamaliza darasa la saba. Nilipomaliza, mama alinifungia nguo zangu katika kitenge akanipeleka mjini kwa Mayunga, mdogo wake baba, aliyekuwa na karakana ya samani. Nilipelekwa nikasaidie jikoni. Lakini jiko lilikuwa nyuma ya karakana, na harufu ya mninga kwangu mimi ilikuwa harufu ya baba. Nikimaliza vyombo, nakwenda kufagia maranda. Nikimaliza kufagia, nasimama natazama. Fundi mkuu wa pale, mzee Hamisi, akachoka kuniona nimesimama. Siku moja akanitupia randa.

"Shika," akasema. "Macho hayalainishi mbao."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Nilijifunza kupima na kukata, nikajifunza kuunga pembe bila msumari, nikajifunza kuchonga maua kwenye milango ya makabati mpaka wateja wakawa wanayapitishia vidole kabla ya kuuliza bei. Miaka ikaenda. Baba mdogo hakunikataza hata siku moja. Kwa nini anikataze? Mafundi wengine walidai ujira wao kila Jumamosi. Mimi nilikuwa nakula ugali wa nyumbani kwake, na mtoto wa nyumbani hadai.

Basi zikaja habari kwamba chuo kimoja cha ufundi kitapokea watu waliojifunza kazi mitaani. Watahini watapita kwenye karakana, wamwone mtu akifanya kazi, waone alichokwisha kutengeneza. Akifaulu, miaka yake ya karakana inahesabiwa kuwa masomo. Anaingia chuoni moja kwa moja mwaka wa pili, hakai darasani kufundishwa kushika msumeno. Mwanangu, mimi sekondari sikuiona. Huo ndio ulikuwa mlango pekee uliowahi kufunguliwa upande wangu. Sharti lilikuwa moja: mwenye karakana amtaje mtahiniwa, athibitishe kwamba kweli kazi hiyo ameifanya.

Nilimwambia baba mdogo mapema. Akaitikia kwa kichwa. Nikaridhika. Damu nzito kuliko maji, ndivyo tulivyolelewa kuamini.

Kazi ya kuonyesha nilikuwa nayo. Bi Shirini, mjane wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitambaa Kanyenye, alikuwa ameagiza kabati la mninga kwa ajili ya harusi ya binti yake. Alikuwa akija mara kwa mara kulitazama. Alivuta kigoda akakaa mbele yangu, mimi nachonga, yeye anasimulia habari za duka na wakwe zake. Siku ile ya watahini kabati lilikuwa limekwisha, limepakwa vanishi, linangoja mkokoteni wa kulipeleka kwake.

Mtahini alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani. Alilizunguka kabati, akafungua mlango, akaufunga, akaufungua tena.

"Hili nani kalitengeneza?"

Nikasogea. Baba mdogo akanitangulia.

"Mwanangu huyu, Shija," akasema, mkono uko begani kwa mwanawe. "Kazi hii kaianza tangu mdogo. Nathibitisha mimi mwenyewe."

Shija alikuwa kifungua mimba wake. Kijana mwema, lakini mapenzi yake yalikuwa kwenye magari, na nyundo mkononi mwake ilipiga kidole mara nyingi kuliko msumari. Nilimwona akitazama chini.

"Na huyu binti?" mtahini akauliza, labda kwa sababu ya lile gauni.

"Huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Anatupikia chai."

Usidhani nilinyamaza. Nilipiga goti kama nilivyofunzwa, nikasema: "Shikamoo, mzee. Kabati hili nimelitengeneza mimi. Maua haya nimeyachonga mimi."

"Marahaba," akajibu. Misumeno yote ilikuwa imesimama. "Yupo wa kukushuhudia?"

Nikamgeukia Fundi Hamisi, aliyenitia randa mkononi. Alikuwa anafuta patasi yake kwa kitambaa, nayo patasi ilikuwa safi.

"Mzee Hamisi," nikamwita. "Sema."

Hakuinua uso. "Mimi nilikuwa upande wa vitanda," akasema. "Mambo ya kabati sikuyaangalia sana."

Mpaka leo, uongo wa baba mdogo naweza kuutazama. Sauti ya Hamisi ndiyo siwezi. Alikuwa na watoto wanaomtegemea na karakana ndiyo ilikuwa riziki yake, najua. Kujua hakuponyi.

Mtahini alivua miwani. "Binti, mimi nawatahini waliotajwa na mwenye karakana. Kama huna aliyekuthibitisha, siwezi kukuingiza. Tutakuja tena siku nyingine. Tafuta watu wako."

Watu wangu! Watu wangu si ndio hao?

Shija akaambiwa aunge pembe moja ya mbao mbele yao. Aliiunga vibaya, lakini kabati likamwombea. Akafaulu.

Walipoondoka, baba mdogo alinifuata jikoni. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua hunyesha. "Kalunde, usinitie aibu tena mbele ya wageni. Wewe utaolewa. Cheti utakipeleka kwa mume gani? Tena ukienda chuo, kazi hapa nitafanya na nani?"

Yasikie vizuri maneno hayo, mwanangu. Mbele ya watu sijui kitu, na nyuma ya mlango hawezi kufanya kazi bila mimi. Yote mawili yalitoka katika kinywa kimoja kabla chai haijapoa. Sisi Wanyamwezi mababu zetu walibeba pembe za ndovu za watu kwa njia hii hii, toka Ujiji kupita hapa mpaka pwani, na walipofika huko mzigo uliitwa wa fulani, tajiri, ambaye bega lake halikuwa na sugu. Nilikuwa nikisikia habari hizo kama za zamani sana. Siku ile nilijua kwamba kumbe hazina uzee.

Kabati lilipopelekwa Kanyenye nilikwenda nalo, maana hakuna mwingine aliyejua kuipachika tena milango yake iliyotolewa kwa safari. Nilipomaliza nikalia. Bi Shirini akaniuliza, nikamwambia yote. Nilidhani atanibembeleza. Wapi!

"Mimi nimekaa mbele yako pale siku ngapi?" akasema, sauti imepanda. "Dukani kwangu na kwenu ni hatua chache. Watu wa mtihani wanakuja, hukuniita. Kwa nini?"

"Nilidhani watu wa nyumbani wanatosha, mama. Na nilidhani kabati litasema lenyewe."

"Kabati lina mdomo?" Akapiga kiganja kwenye mlango ule ule wa maua. "Mimi nina kitambaa kizuri kuliko maduka yote ya hapa, na bado nakisifia toka asubuhi mpaka nafunga. Wewe umefunzwa kufanya kazi, binti. Hukufunzwa kuwa nayo. Usinililie mimi. Siku nyingine niite."

Maneno yake yaliniuma kuliko ya baba mdogo, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Tumelelewa kwa methali kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri kwa mwenye duka lake. Lakini chema kilicho ndani ya duka la mwingine, mwanangu, huuzwa na mwingine.

Shija akaenda chuo. Alirudi likizo ya kwanza amekonda. Aliingizwa mwaka wa pili pamoja na watu waliokwisha kufundishwa, walimu wanasema mambo, yeye hajui yalikoanzia. Jioni hiyo baba mdogo akaniita barazani.

"Kalunde, mfundishe ndugu yako kuchonga na kuunga. Mkae huku nyuma, watu wasiwaone. Anarudi chuo karibuni."

Nilisikia kitu kimekatika ndani yangu, wala hakikuwa heshima. Heshima ilikuwapo bado. "Baba mdogo," nikasema, "mpika chai atamfundishaje fundi?"

Alinipiga kofi, akaniambia nisilale kwake. Shija alinifuata mpaka barabarani, machozi yanamtoka. "Dada, mimi sikuomba," akasema. "Nilitaka udereva. Nilimwambia." Nami nilimwamini, maana chuo hakukimaliza, alikiacha akaenda kuwa utingo wa malori ya Kigoma, na baadaye akaendesha yeye. Kwa hiyo nafasi ile haikumfaa yeye wala haikunifaa mimi. Ilipotea tu, kama maji yaliyomwagwa mchangani watu wawili wana kiu.

Nilirudi Usinge. Mama akanisihi nikaombe msamaha. Nikamuuliza, "Kwa kosa gani?" Aliendelea tu kunisihi, maana mjane huogopa ndugu wa mume kuliko anavyoogopa njaa. Sikwenda. Nilikwenda kwa Bi Shirini. Alinipa ua wa nyuma ya duka, nikaweka meza ya kazi, nikaanza na vigoda. Wateja wakanifuata kidogo kidogo. Nikaolewa, nikazaa, nikachonga nikiwa na mtoto mgongoni.

Watahini hawakurudi upesi kama tulivyoahidiwa. Waliporudi, ilikuwa miaka mingi imepita. Safari hii niliita watu. Bi Shirini alikuja akitembelea fimbo, akawasimulia kabati lile mpaka wakamwomba apumzike. Na Fundi Hamisi alikuja. Hakuna aliyemwita. Alikuwa mzee, ameacha kazi. Akasimama mbele ya watahini akasema, "Huyu nilimfundisha mimi. Kabati la Kanyenye nilimwona akilitengeneza toka ubao wa kwanza." Kisha akanitazama, akatoka. Nilitaka kumkimbilia. Sikumkimbilia.

Nilifaulu. Kisha nikaambiwa kwamba nafasi za kuingia chuoni ni za vijana, nami umri umepita. Cheti chukua, chuo hapana. Watu walinipongeza, nikashukuru. Lakini ndani nilikuwa kama mtu aliyeletewa chakula akiwa amekwisha kulala na njaa. Sahani imejaa, tumbo limefunga. Nilitaka kwenda kujifunza kuchora majengo, mwanangu. Nilitaka kujua nyumba inasimamaje kabla haijasimama. Sijakijua kitu hicho, na sasa macho yangu hayaoni vizuri hata mstari wa penseli.

Baba mdogo aliugua, tukamuuguza. Mimi pia nilimuuguza. Watu wasije wakasema sikufunzwa. Nilikaa kando ya kitanda chake hospitali nikingoja neno moja tu. Akanitazama siku ya mwisho, midomo ikacheza, nikainama. Aliomba maji. Nikampa. Akafa.

Watu huniambia, "Bibi Kalunde, samehe, yamepita." Shija sina la kumsamehe. Hamisi alikuja kwa miguu yake, nami nimemwachia Mungu. Huyo mwingine, sijui. Sitakudanganya kwa ajili ya kumaliza hadithi vizuri.

Sasa sikia nilichokuitia. Siku hizi nasikia vyuo vinawatahini waliojifunza kazi gereji, jikoni na kwa mafundi cherehani, na kuwapunguzia miaka ya masomo. Nasikia hata mwanafunzi aliyesoma jambo mapema anaweza kulipeleka chuoni likahesabiwa, asilisome tena. Ukisikia dirisha hilo limefunguliwa, nenda siku hiyo hiyo, usiseme nitakwenda nikitulia. Ujuzi hauozi, lakini nafasi ya kuupokea inaoza, na hakuna mtahini atakayekurudishia ujana.

Nenda kwa jina lako. Kazi unayoifanya kwa mwingine, ifanye watu wakiiona. Piga picha kwa simu yako ukiwa unaifanya, si ikiwa imekwisha. Mteja akiridhika, mwombe siku ile ile aseme mbele ya mtu kwamba ni wewe. Usione haya, haya ilinigharimu mimi nyumba zote ambazo sikuzichora. Mpende ndugu yako, mheshimu mkubwa wako, lakini usimwachie yeye peke yake ulimi wa kukutaja, kwa maana anayekuhitaji sana ndiye anayeweza kukuficha. Na ukija kuwa wewe mwenye karakana, ukaulizwa kazi hii ya nani, sema kweli dakika ile ile. Wasemao mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, hawakutuambia kwamba haki iliyochelewa humkuta mwenyewe amekwisha kunyongwa.

Mwenyezi Mungu akupe kazi ya mikono, akupe na watu wasioogopa kusema ni yako. Akufungulie mapema, ungali na nguvu za kuingia. Nenda, mwanangu. Nenda leo.