Ardis Kvamme na Kipande cha Mtaa wa Linden

Ardis Kvamme alipika katika jiko la shule ya msingi ya Vesterby, mji mdogo wa kando ya ziwa, kwa miaka thelathini na moja. Siku alipostaafu walimpa keki na saa ya ukutani. Wiki tatu baadaye dada yake alimkuta akigombana na friji.

"Ardis," alimwambia, "tafuta watu wa kugombana nao. Hicho chombo hakikujibu."

Nafasi iliyokuwa wazi mjini ilikuwa moja tu, kiti katika Kamati ya Mazingira. Kilikuwa wazi tangu theluji ya mwaka uliopita, na gazeti lilikuwa limechoka kukitangaza. Mwenyekiti, Maren Sundquist, daktari wa meno mwenye sauti ya chini na madaftari ya rangi rangi, alimuuliza ana ujuzi gani wa mazingira.

"Najua watoto mia nne wakishashiba wanaacha nini mezani," alisema Ardis.

Akapewa kiti.

Kamati yenyewe haina meno. Hushauri tu, na baraza la mji huamua, na baraza hupenda kushauriwa mambo madogo. Kila Jumanne ya pili ya mwezi watu saba hukaa katika chumba cha nyuma cha maktaba, wakanywa kahawa iliyopauka, wakajadili. Mwaka wa kwanza wa Ardis uliishia kwenye vikombe vya karatasi. Wa pili ulikwenda kwenye ule utando wa kijani unaotanda ziwani kila Agosti mpaka hata mbwa wanakatazwa kuogelea. Maren alikwisha kueleza mara nyingi kwamba utando hulishwa na mbolea. Nyumba za ufukweni zimepanda nyasi fupi hadi ukingoni mwa maji, na mvua ikinyesha mbolea yote inateremka ziwani. Dawa yake ni kuacha mimea mirefu ya asili ikue pale ukingoni iichuje. Lakini ufukwe wote una wenyewe, alisema Maren, na wenyewe wanazipenda nyasi zao.

Ardis alikuwa akifuma soksi. Akainua kichwa. "Ufukwe wote? Na mwisho wa Mtaa wa Linden je?"

Wenzake wakatazamana. Mtaa wa Linden unaishia kwenye barabara ya ziwani, mbele ya ua wa mierezi.

"Mimi nilijifunza kuogelea pale," alisema Ardis. "Mtaa ulikuwa unashuka mpaka majini. Barabara haijikunji yenyewe kama jamvi. Nani kaichukua?"

Karani wa mji alitumwa kwenye ghala la chini, akarudi na ramani ya viwanja ya mwaka 1911, imekunjwa hadi inakatika. Waliitandaza mezani, wakaikandamiza kwa vikombe. Mitaa saba ilifika majini, kila mmoja na kipande chake chenye upana wa mita kumi, ardhi ya mji, kilichotengwa ili watu wachote maji ya kuzimia moto na kunyweshea farasi. Hata kimoja hakikuwahi kufutwa kisheria. Vilikuwa vimemezwa tu, polepole na kwa adabu, kama tunavyofanya mambo yetu hapa: mwaka huu ua, mwaka ujao kiti cha bustani, mwaka unaofuata kibao cha kuwaambia watu hii ni mali ya mtu.

Wakili wa mji aliandika barua ya kurasa nne kueleza kwamba kesi itachukua miaka. Baraza liliisoma kwa faraja kubwa, kwa maana wenye nyumba za ufukweni hukaa benchi moja na madiwani kanisani kila Jumapili.

"Kwani nani kataja mahakama?" alisema Ardis. "Mimi nataka kukaa tu."

Jumatatu ya kwanza ya Juni, saa sita mchana, alipita kwenye upenyo wa ule ua wa mierezi akiwa na kiti cha kukunja, mkate wa mayai na nakala ya ramani. Akapima kwa hatua, akafungua kiti katikati ya nyasi, akaketi kuelekea ziwa.

Nyasi zile zilikuwa, kwa mazoea, za Lowell Bratvold, aliyewahi kuuza bima Minneapolis na kuhamia Vesterby miaka kumi na tisa kabla ya siku hiyo. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mwenye kukata nyasi zake kwa mistari iliyonyooka kama ya shati jipya. Adui yake duniani alikuwa bata bukini. Walimjia thelathini thelathini, wakala, wakamwachia kinyesi kila alipokanyaga. Alinunua mbweha wa plastiki, na kila asubuhi alimhamisha hatua chache ili bukini wadhani ni mzima. Wiki ya pili mmoja wao alionekana amelala kivulini mwa yule mbweha.

Lowell alitoka akiwa amekunja mikono kifuani.

"Habari za mchana. Naweza kukusaidia?"

"Asante, sina shida. Chakula nimekuja nacho."

"Naona kama umepotea."

"Hata. Si hapa ni Mtaa wa Linden? Nimekaa katikati ya barabara, lakini sioni gari."

"Mama, hapa ni nyumbani kwangu."

"Nyumbani kwako si pale? Nyumba nzuri kweli. Rangi ulipaka lini?"

"Mwaka juzi," alisema Lowell kabla hajajizuia, na akarudi ndani akijilaumu kwa kujibu.

Kesho yake, saa sita kamili, mabomba ya kunyunyizia maji yalifunguka yote. Ardis alikuwa amevaa koti la mvua. Alikula mkate wake chini ya mwavuli, na alipomwona Lowell dirishani akampungia mkono, kumshukuru kwa kumwagilia nyasi za mji. Siku ya tatu alikuja polisi. Polisi huyo alikuwa amekula chakula cha Ardis miaka sita mfululizo akiwa shuleni, na mbele yake bado alivua kofia. Aliitazama ramani ikiwa juu chini, akaigeuza, akapokea nusu ya mkate, kisha akamshauri Lowell aongee na wakili wake.

Mwisho wa Juni viti vilikuwa kumi na kimoja. Walikuja wenzake wa jikoni, akaja dada yake, wakaja wawili wa maktaba. Hawakupiga kelele wala kuacha takataka. Walikaa, wakala, wakaondoka saa saba, na jambo lililomchoma Lowell zaidi ni kwamba walimuaga kila mara. Kisha siku moja mkewe, Jeanine, alitoka na jagi la chai ya barafu. Siku ya pili akatoka na kiti.

"Jeanine," aliita Lowell kutoka barazani, "unakaa na wavamizi?"

"Nimekaa barabarani, Lowell. Huku kuna upepo."

Hapo ndipo Lowell alipoandika barua kwa kamati. Maren aliisoma kwa sauti. Ilikuwa ndefu na yenye hasira iliyovaa tai. Sehemu moja ilisema: *Kwa miaka kumi na tisa ni mimi, si mji, niliyekata nyasi za kipande hicho, nikakimwagilia na kuzoa majani yake. Naomba kuambiwa ni nani mwingine aliyewahi kukitunza.*

Ardis aliacha kufuma. "Hebu irudie hapo."

Maren akairudia.

"Basi mwenzetu anasema kweli," alisema Ardis. "Mtu katunza ardhi ya mji miaka kumi na tisa, bila mshahara, na ameandika mwenyewe kwa mkono wake. Sisi hata asante hatujampa."

Maren alimtazama juu ya miwani. "Ardis, unapika nini?"

"Cheti."

Kamati ile isiyo na meno ilikuwa na jino moja. Iliweza kupendekeza watu wa kushukuriwa, na baraza lilikuwa halijawahi kukataa. Tuzo yenyewe iliitwa Mlinzi wa Ziwa. Mara ya mwisho ilitolewa kwa mzee aliyekuwa amekwisha kuhamia Arizona, ikarudishwa na posta.

Siku ya kikao cha baraza mwezi wa Julai ukumbi ulijaa, kwa sababu Ardis alikuwa amevumisha kwamba kutakuwa na keki za ndimu. Lowell aliketi mstari wa mbele na shati lililopigwa pasi, Jeanine pembeni yake. Meya alivaa miwani akasoma: shukrani za mji kwa Bwana Lowell Bratvold, kwa kuitunza kwa hiari yake ardhi ya umma iliyo mwisho wa Mtaa wa Linden, na kuiweka tayari kwa matumizi ya wananchi wote.

 Watu wote ukumbini walikuwa wameelewa isipokuwa madiwani, waliokuwa wakizitazama keki, na meya, aliyekuwa akitafuta kalamu. Masikio ya Lowell yaliiva kama nyanya. Angesimama aseme ile ardhi si ya umma? Angekuwa amezikataa shukrani za mji mzima mbele ya mchungaji na mbele ya keki. Katika Vesterby mtu anaweza kukunyang'anya barabara akasamehewa. Kukataa asante hakusameheki.

Akainuka. Akakipokea cheti kwa mikono miwili, akageukia watu.

"Kwa kweli," alisema, "zile nyasi zinahitaji maji mengi."

Ardis ndiye aliyeanza kupiga makofi. Baraza likapiga kura, wote wakakubali, karani akaandika katika kumbukumbu. Hivyo ndivyo baraza lilivyotamka kwa kauli moja kwamba kile kipande ni cha umma, na diwani wa kwanza kugundua walichofanya aligundua akiwa na keki mdomoni.

Nje, kwenye maegesho, Maren alimshika Ardis kiwiko. "Kisheria ni safi. Lakini ilikuwa hila, unajua."

"Najua."

Alidhani angefurahi. Badala yake kila alipoketi kula aliyaona yale masikio mekundu yakielekea jukwaani. Siku nne hakwenda ziwani. Siku ya tano akaoka mkate wa tufaha, na safari hii hakupita kwenye ua. Alikwenda mlango wa mbele, akagonga.

Lowell alifungua. Cheti kilikuwa ukutani nyuma yake, ndani ya fremu.

"Nimekuja kukwambia," alisema Ardis, "kwamba ile tuzo ilikuwa mtego. Niliutega mimi."

"Nilijua tangu nilipoiona bahasha ya mwaliko. Hapa hakuna mtu anayekupa cheti bila sababu."

"Sasa mbona ulikuja?"

Lowell aliutazama mkate, kisha akautazama mlango. "Jeanine alikwisha kupiga pasi shati." Akaupokea mkate. "Na katika miaka kumi na tisa sijawahi kuitwa mbele ya watu wa mji huu. Mpaka leo dukani naitwa yule mtu wa Minneapolis. Nikasema, hata kama ni kwa kejeli, nitakwenda."

Ardis alipita ndani. Akamwambia aweke chai. Walikula nusu ya mkate, na walibishana kama matufaha yalihitaji mdalasini zaidi.

Ua wa mierezi Lowell aliung'oa mwenyewe mwezi wa Septemba, kwa sababu hakuwaamini vijana wa mji kwamba wangeitoa mizizi yote. Kamati ikamwaga vibanzi vya miti kutengeneza njia nyembamba ya miguu, na pembeni hadi ukingoni mwa maji wakapanda mimea ya asili: nyasi ndefu zinazofika kiunoni, na maua ya zambarau ambayo Lowell aliyaita magugu mpaka kiangazi kilichofuata. Kiangazi hicho bukini walikuja wakiogelea, wakatazama ule msitu ukingoni, hawakuona kilichojificha ndani, wakageuka. Bukini hapendi kupanda nchi kavu asikoona mbele. Wakatua kwa jirani wa kaskazini, ambaye ua wake bado ulikuwa umemeza mwisho wa Mtaa wa Birch. Jirani alivumilia kinyesi cha bukini thelathini kwa wiki tano, kisha akaipigia simu kamati kuuliza ile mimea inapatikana wapi. Maren akamjibu kwa sauti yake ya chini kwamba mji huipanda bure, kwenye ardhi ya umma tu.

Kufikia mwaka wa tatu vipande vinne kati ya saba vilikuwa wazi. Kimoja mwenyewe alikifungua usiku huo huo aliposikia Ardis anamwandikia cheti. Vitatu vilivyobaki vina wanasheria, na bado vinabishaniwa. Utando wa kijani haujaisha, ila mwaka jana mbwa walikatazwa wiki mbili tu badala ya sita, na Maren anakataa kusema ni kwa sababu yetu mpaka apime tena.

Lowell aliomba kiti kilipopatikana kingine kwenye kamati. Ni mjumbe mgumu. Husoma kila karatasi, hutaka kila jambo lipigiwe kura, na kwenye kile kipande cha Linden huwakemea watu wanaoacha njia wakakanyaga maua. Yeye na Ardis wamekuwa wakigombea mahali pa kuweka benchi tangu Machi. Lowell analitaka karibu na barabara, wazee wasitembee sana. Ardis analitaka ukingoni mwa maji.

"Utakaa huko na mbu," Lowell alimwambia Jumanne iliyopita.

"Nitakaa huko na wewe," alisema Ardis, "kwa hiyo mbu nitakuwa nimeshawazoea."

Karani akauliza kama hilo aliandike. Maren akasema hapana, akaita kura. Ilikuwa tatu kwa tatu, mjumbe mmoja alikuwa na mafua, na benchi liko bado kwenye ghala la mji.