Baba Aliposema "Hao"

Juzi mchuuzi mmoja wa soko la Nakivubo aliuliza kwenye simu, "How?", nikarudi utotoni, katika nyumba za polisi za Nsambya.

Mama Achieng, jirani yetu Mkenya, alikuwa sebuleni kwetu na dada yake. Siku zile Wakenya walikuwa wakikamatwa. Chumba kilinukia karanga za kukaanga. Baba, askari, alishika simu akiwakodolea macho. "How? How?" alirudia. Kiingereza sikukijua, nilisikia "hao, hao", nikashuku anawashtaki.

"Mama Achieng, kimbieni," nilinong'ona. "Baba anawataja."

Alimtazama baba, kisha wakatoka kupitia jikoni bila kuaga.

Baba alikata simu, akaketi sakafuni, akalia. Leo najua alikuwa akiuliza mama yake alikufa vipi. Siku ile nilisimama mbali naye, nikiamini analia kwa sababu wamemponyoka.