Msiba wa Ukurasa Wangu

Jumamosi, tarehe 6 Aprili 2002, nilifungua barua pepe zangu katika duka la intaneti pale Majengo, nikakuta notisi ya kuhama. Kampuni ya ng'ambo iliyokuwa ikihifadhi ukurasa wangu wa intaneti bure ilitangaza kwamba kuanzia tarehe mosi Mei ukarimu huo ungekoma. Aliyetaka kubaki alipaswa kulipa kwa dola, tena kwa kadi ya benki ya kimataifa. Asiyelipa angefutwa. Kadi ya namna hiyo sikuwa nayo, na katika mji wote wa Songea sikumfahamu mtu aliyekuwa nayo.

Nilihitimu kidato cha nne mwaka 1998, nikiwa mjane mwenye wajukuu, miongoni mwa vijana walioniita mama hata walipokuwa wakiniazima rula. Sikutaka elimu niliyoipata kwa jasho namna hiyo ikae kabatini pamoja na cheti. Nikaanza kuandika habari za jikoni za kwetu Ungoni: jinsi ya kukausha uyoga, jinsi ya kupika majani ya maboga kwa karanga, adabu ya kumkaribisha mkwe chakula. Niliandika moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa kuwa nilijivunia kuchapa bila kutazama vidole. Kwa sababu hiyo sikuwa na nakala hata moja. Watu wetu walioko mbali walinisoma na kuniuliza maswali, nami niliwajibu kwa wakati. Ukurasa ukifutwa, kazi yangu yote ingepotea.

Kuunakili kungechukua muda mrefu. Laini ya simu ilikuwa nzito, umeme wa jenereta ulikuwa wa mgawo, na mwenye duka alitoza kwa dakika. Lakini mwenye duka huyo alikuwa Mbena kutoka Njombe, na Wabena ni watani wetu. Kwetu, mtu akifiwa, mtani ndiye hushika kazi za msiba. Huchimba, hubeba, hupika, na huwatania wafiwa apendavyo. Hapokei ujira, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Nililitafakari jambo hilo Jumapili nzima nyumbani kwangu Bombambili.

Jumatatu nilirudi Majengo na marafiki zangu wawili kutoka Mjimwema. Tulijifunga kanga viunoni, tukaketi sakafuni katikati ya duka.

"Mtani, tumefiwa," nilisema.

Alivua kofia. "Pole sana, mama. Nani tena?"

"Ukurasa wangu. Mazishi ni tarehe thelathini."

Wateja waligeuka kwenye viti vyao. Mwenye duka alitutazama mmoja mmoja, kisha akairudisha kofia kichwani.

"Wangoni nyie, hata mkilia mna mkono mfukoni mwa mtu."

"Mtani kazi yake kuchimba," rafiki yangu mmoja akamjibu. "Machozi tuachie wenyewe."

"Na huyo marehemu si Mzungu? Mimi sina utani na Wazungu."

"Ni Mngoni halisi," nikasema. "Kwa Wazungu alikuwa amepanga tu."

Duka zima lilicheka, na hapo akawa hana njia. Tangu siku hiyo, kila umeme uliporudi na wateja wakapungua, aliketi kunakili habari moja baada ya nyingine, huku akizisoma kwa sauti ili nisipate raha. "Uyoga unalowekwa tangu jana? Ndiyo maana babu zenu walichelewa vitani." Nilimjibu kwamba babu zake walituwahi kwa kukimbia tu.

Ijumaa, tarehe 26 Aprili, kazi ilikamilika. Ukurasa wangu wote ulikuwa ndani ya flopi tatu za duka lake, naye akazitia mfukoni mwa shati lake na kuzifunika kwa kiganja.

"Marehemu hatoki bila ubani," alisema.

"Taja ubani wako."

"Mimi nina nafasi ya intaneti ninayoilipia kwa ajili ya duka langu. Nitampa chumba humo, bila kodi. Ila nataka naye apike chakula cha Kibena."

Nilikataa. Nilimwambia kwamba ukurasa wa Wangoni haujafikia hatua ya kulishwa na Wabena.

"Basi mkazike wenyewe," alisema, akaanza kufunga madirisha ya duka.

Marafiki zangu walinitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Nikakaa chini, nikamtaka aniambie hicho chakula chake. Kilikuwa viazi vya Njombe vilivyopondwa pamoja na maharage mabichi. Nilikiandika kwa ufupi kadiri ya uwezo wangu, nikakiweka chini kabisa, mahali ambapo msomaji mvivu asingefika. Ndipo akanikabidhi flopi.

Tarehe mosi Mei ukurasa wa zamani ulifutwa kama kampuni ilivyoahidi, na nakala yake ikafunguliwa katika chumba kipya. Barua ya kwanza niliipokea Alhamisi, tarehe 9 Mei. Mwandishi wake, mwanamke wa kwetu aliyeolewa ughaibuni, hakugusia uyoga wala majani ya maboga. Alikuwa amepika vile viazi mara mbili, mume wake amevisifu, na sasa aliuliza kama Wangoni wote hupika vizuri namna hiyo.

Nilimjibu papo hapo kwamba ndiyo, wote.

Mtani wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti akisoma. Alinyoosha mkono, akadai flopi zake.