Behewa la Ishirini na Moja

Bodaboda ilimshusha Ocira kwenye lango la bandari ya Port Bell, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga ingawa alizaliwa Kampala, katika kambi ya polisi ya Naguru. Husnah alikuwa akimngoja mlangoni mwa ofisi, begi la safari mgongoni.

"Umechelewa, afande. Basi la Kigali halinisubiri."

"Afande ni baba yangu. Mimi fundi wa programu tu."

Husnah, Mnubi wa Bombo, binti wa dereva wa lori, alikuwa ametumia miaka sita kutengeneza maktaba moja ya programu: hesabu za kupanga uzito wa mabehewa ya reli ndani ya kivuko, kisije kikalalia upande. Mfumo wa bandari ya Kisumu umeandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java, wa Mwanza kwa PHP, wa hapa kwa Python, na yote huiita maktaba hiyo hiyo. Alikuwa ameiandika mara mbili, kwa C na kwa Rust, kwa kuwa lugha hizo huitika ziitwapo na nyingine. Leo alikuwa akimkabidhi Ocira kazi hiyo, na mtu mmoja mgeni hawezi kutunza mbili: ilibidi ibaki moja. Na kaka yake Husnah, Hamim, ni baharia wa kivuko cha hapa.

"C," Ocira akasema kabla hajakaa. "Rust siijui hata salamu."

"Basi iulize C uzito wa behewa la ishirini na moja."

Kivuko kilibeba ishirini tu. C haikushtuka: ilichota namba pengine huko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikajumlisha, ikaandika SALAMA. Rust ilipoulizwa ikasimama hapo hapo, ikakataa.

Ocira akajikuna shingo. Kosa kama hilo amelifanya mara ngapi bila kujua?

"Chagua wewe," Husnah akasema. "Nikichagua mimi nitaifikiria mikono yangu, na mikono yangu inaondoka; yako ndiyo itakayoitunza."

Ocira akaifuta ya C. Husnah hakumshukuru. Alimtazama kama anayemwachia jirani mtoto mwenye homa, akapanda bodaboda, akaenda zake.

Saa tisa likaletwa behewa la ekseli sita, yaani jozi sita za magurudumu, aina ambayo maktaba haikuijua. Ocira akaandika mistari minne. Rust ikaikataa. Akarekebisha, ikaikataa tena, kwa maelezo marefu mekundu. Simu ikalia.

"Wewe ndiye yule mpya?" Alikuwa Hamim. "Nahodha anauliza tung'oe nanga au tupande mihogo humu?"

Kwa C angekuwa ameshamaliza.

"Bado," Ocira akajibu, akarudi kwenye mstari wa kwanza.